Macho ya Kuazima

Kocha Mughwai alipuliza kipyenga mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na kila mtu uwanjani akajua anayetafutwa ni nani.

"Asteria! Ulikuwa unaangalia wapi?"

Asteria Ntandu alitazama viatu vyake. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya timu ya ulinzi, katikati, mahali pake pa siku zote, na mpira ulikuwa umeshapita juu ya kichwa chake na kudakwa na msichana wa akiba ambaye hata mbio hana. Upepo wa Singida ulivuma kutoka kilimani kwenye mitambo ya umeme, ukamjaza vumbi mdomoni. Vumbi hilo ndilo lililomsaidia kunyamaza.

"Nakuuliza wewe."

"Nimekosea, Kocha."

"Ulikosea jana, ukakosea juzi. Leo umefanya makusudi. Haya, sisi tunalinda mtu?"

"Hapana, Kocha. Tunalinda eneo."

"Na macho?"

"Kwa mrushaji."

"Kwa mrushaji! Siyo kwa wanaokukimbilia, siyo kwa mawingu, siyo kwa Mwajabu! Leo nzima naona kwenye kioo changu shingo yako imegeukia kwa Mwajabu. Ana nini Mwajabu? Kaota pembe?"

Wenzake waliangua kicheko. Mwajabu Mkumbo, mlinzi wa upande wa kushoto, alicheka kuliko wote, mkono wake ukiwa begani kwa mlinzi mwenzake Pili kama kawaida yake. Asteria aliuma meno. Kutukanwa kwa kosa ulilofanya ni haki yako, lakini kutukanwa kwa wema usioweza kuutaja kunachoma kama pilipili jichoni.

Mchezo wa yai uliletwa Singida na Wamarekani waliokuja kufunga mitambo ya upepo. Mitambo ilipoanza kuzunguka, wenyewe waliondoka, mipira yao yenye umbo la yai ikabaki, na watu wakaanza kuichezea mpaka ikawa ligi. Mrushaji wa timu moja anaurusha mpira, wapokeaji wake wanakimbia kuudaka, na walinzi wa timu ya pili wanazuia. Mlinzi asiyejua kazi humkimbiza mpokeaji kila aendako, kama mtu anayefukuza kuku wa jirani. Anayejua kazi hulinda shamba lake. Mpira ukianza, hurudi kinyumenyume mpaka kwenye kina chake, akasimama, akamtazama mrushaji mabega na nyonga, maana macho ya mrushaji yanadanganya lakini mabega hayajajifunza uongo. Mpokeaji akikatiza shambani mwake, humsindikiza mpaka mpakani na kumkabidhi kwa jirani.

Makabidhiano hayo zamani yalikuwa ya mdomo. Anayekabidhi alipiga kelele "Wako!" na jirani sharti ajibu "Wangu!" Usiposikia jibu, hukumwachia. Asteria alijifunza hivyo utotoni, na aliyemfundisha ni Mwajabu, aliyekuwa akimpiga makofi ya kisogoni kila alipoachia mtu bila kusubiri jibu. Kisha ukaja Uzi na midomo ikafungwa.

Uzi ni gamba dogo ndani ya helmeti, linalokaa nyuma ya sikio. Huchukua anachokiona kila mlinzi na kuwagawia wenzake kumi, papo hapo, hivi kwamba ulinzi mzima unakuwa mtu mmoja mwenye macho kila upande. Hufanya kazi ndani ya mistari myeupe tu. Ukitoka nje hata kwa kidole cha mguu, unazimika, kwa sababu ligi haitaki watu wa nje waingize maneno yao vichwani mwa wachezaji. Kocha huruhusiwa kutazama tu, kwenye kioo chenye vidirisha kumi na kimoja.

Na kwa kuwa Uzi huonyesha kila kitu, nani kafumba macho kwa woga, nani anamtazama mume wa nani jukwaani, wachezaji wenyewe waliweka mwiko. Siku ya kwanza ya msimu hunywa togwa kwenye kibuyu kimoja na kuapa: cha uzini hufia uzini. Asteria alikuwa amekunywa kibuyu hicho msimu baada ya msimu na hakuwahi kukiona kizito. Mpaka siku ya mvua.

Siku hiyo walicheza na Manyoni kwenye tope. Donge la tope lilimrukia Asteria kwenye kioo cha helmeti, juu kushoto, likakaa pale na umbo la sikio la mbuzi. Alipozigeukia picha za wenzake ndani ya Uzi, aliliona tena. Donge lile lile, sikio lile lile, ndani ya picha iliyotoka kwa Mwajabu, ambaye alikuwa mbali kabisa, pembeni ya uwanja. Asteria alilifuta kwa kidole. Kwa Mwajabu nako likafutika.

Alisimama kwenye mvua kama aliyepigwa na butwaa. Uzi hauachi tundu: jicho lisipoleta kitu, hushona kiraka kutoka kwa majirani ili picha isikatike. Mwajabu hakuwa na picha yake hata moja. Alichokuwa akikiona chote kilikuwa cha wenzake. Upimaji wa macho wa ligi hufanywa uwanjani, helmeti kichwani, wenzako wamekuzunguka. Bila shaka alikuwa akifaulu.

Ila kuna jambo moja Uzi hauwezi. Kisichotazamwa na mtu yeyote hakimo. Na katika ulinzi wa eneo, macho yote yako wapi? Kwa mrushaji. Ubavu wa Mwajabu ulikuwa giza tupu, na wakingaji wa timu pinzani, wale ambao kazi yao ni kuwasukuma walinzi kando, wanawake wenye vifua kama magunia ya alizeti, walikuwa wakimjia kutoka ubavu huo huo. Mechi iliyofuata alipigwa kikumbo hadi akatapika. Kuanzia hapo shingo ya Asteria ikaanza kugeuka.

*

Jioni ya mazoezi yale Asteria hakwenda kwao. Alikwenda kwa Mwajabu, akamkuta jikoni na ungo mapajani, akichambua mchele huku uso wake ukielekea dirishani.

"Asta? Miguu yako naijua. Karibu, keti."

Asteria aliketi. Aliitazama mikono ile ikipita kwenye mchele, haraka, bila kukosea. Hasira aliyotoka nayo uwanjani ilikuwa bado moto.

"Dada, hapo umeacha jiwe."

Vidole vya Mwajabu vilirudi, vikatafuta. Vikatafuta tena.

"Liko wapi?"

"Halipo."

Mwajabu aliuweka ungo chini polepole. Uani binti yake, Mwanvita, alikuwa akiruka kamba.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Siku ya mvua."

"Na togwa ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Basi."

"Basi nini, dada? Kila siku natukanwa mimi! Watu wananiita Shingo. Naacha eneo langu wazi nikuazime macho, mpira unapita kwangu, Kocha ananivua nguo mbele ya timu nzima, na wewe unacheka!"

"Sikukuomba."

"Hukuniomba!" Asteria alisimama, akakosa pa kwenda, akaketi tena. "Mwambie daktari. Akutibu."

"Nilikwenda kwa wengine, mbali, kwa jina la mtu mwingine. Hakuna dawa. Na daktari wa ligi akijua, sheria ni moja tu, asiye na macho yake haruhusiwi Uzi. Wanautoa siku hiyo hiyo." Mwajabu aliishusha sauti, mtoto asisikie. "Sikiliza, mdogo wangu. Huku nje naona uji. Uji mweupe, asubuhi mpaka usiku. Nikivuka ule mstari naona majani. Naona nyuso zenu mlivyozeeka. Unajua mara ya mwisho kumwona Mwanvita ni lini? Mechi iliyopita, Pili alipogeuka kidogo kuelekea jukwaani. Kang'oka jino la mbele. Hakuna aliyekuwa ameniambia."

Asteria aliokota punje ya mchele sakafuni, akairudisha unguni.

"Ukienda kwa Kocha," Mwajabu aliendelea, "macho yangu hayatakuwa yametobolewa na ugonjwa. Utakuwa umeyatoboa wewe."

"Na ukivunjika shingo?"

"Ni yangu."

"Mwanvita je?"

Mwajabu aliurudisha ungo mapajani. "Mpaka fainali tu, Asta. Fainali ikiisha nitasema mwenyewe."

Asteria aliondoka bila kuaga vizuri. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waongo. Alitembea njia nzima akiubeba, akigombana na Mwajabu kichwani, akigombana na kibuyu, akigombana na yeye mwenyewe kwa kuwa hata katika ugomvi wa kichwani alikuwa akishindwa.

*

Fainali ilikuwa nyumbani, na Tabora walikuja wamesoma somo lao. Walikuwa wamekwisha kuiona shingo ya Asteria. Kila alipogeuka kushoto, mpokeaji mmoja alichomoka katikati kama mshale na mpira ukamkuta. Na upande wa kushoto walikuwa wamemweka namba sabini, mkingaji mmoja mpana ambaye hakuhangaika na mtu mwingine yeyote ila Mwajabu. Asteria alimtazama mrushaji, Mwajabu akala kikumbo. Alimtazama Mwajabu, Tabora wakafunga. Akatamani mtu ampe jicho la tatu au amtoe haya mawili.

Kufika mapumziko Singida walikuwa wakiongoza kwa pointi chache tu, na Mwajabu alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo akitema damu kwenye taulo na kusema ni fizi.

Asteria alimfuata Kocha Mughwai kwenye ujia wa nje.

"Kocha, Mwajabu haoni."

Alikuwa amejiandaa kwa mshangao, kwa hasira, hata kwa kofi. Kocha alikivuta kioo chake kifuani na kuangalia ukutani.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nina vidirisha kumi na kimoja mbele yangu kila siku, mama. Kimoja hakijawahi kuwa na kitu ambacho hakimo kwenye kingine. Unadhani nilipewa kioo hiki nitazamie rangi?"

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua yako. Lile tope lako nililiona kwenye vidirisha viwili."

"Halafu ukanyamaza! Halafu ukanitukana mimi!"

"Nilikutukana ili uchoke, uje useme. Mimi si mtu wa ndani. Wenye ushahidi wa ndani ni ninyi mliounganishwa. Tena macho ni kazi ya daktari, nilingoja daktari aseme."

"Na daktari?"

"Daktari anasema yeye humpima anayeletwa na kocha."

Asteria alihisi kicheko kikimpanda, kile kibaya kinachotoka na machozi. "Na Pili?"

"Pili anashikwa bega kila siku, asijue vipi? Wote wanajua. Walikunywa togwa yao, wakanyamaza. Kila mmoja alidhani wewe ndiye jirani wa karibu, utasema."

Katika ulinzi wa eneo kuna kitu kinaitwa mshono. Ni pale eneo la huyu linapoishia na la yule linapoanzia. Kila mlinzi akisimama sawasawa mahali pake, asiwe na kosa hata moja, mrushaji mzuri huudondosha mpira hapo katikati, na walinzi wawili hutazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aende. Ndiyo maana wa zamani walipiga kelele. Mwajabu alikuwa ameanguka kwenye mshono, na watu wazima wote hawa walikuwa wamesimama barabara kwenye maeneo yao wakimtazama akianguka.

"Sasa nimesema," Asteria alisema. "Mtoe."

Kocha aliangalia uwanja, mahali watu walipokuwa wakiimba. "Nusu imebaki. Kipyenga cha mwisho kikilia tu, naandika barua kwa mkono wangu."

"Kocha!"

"Nusu moja, Asteria. Amekaa gizani mwaka mzima, hawezi kusubiri nusu?"

*

Dakika za mwisho, Singida waliongoza kwa pointi nne. Tabora walikuwa na jaribio moja tu lililobaki, na walikuwa mbali. Mpira mmoja mrefu udakwe kwenye mstari wa mwisho, wachukue kombe. Udondoke, kombe libaki Singida. Nafasi zote za kusimamisha mchezo zilikuwa zimekwisha. Jukwaa lote lilikuwa limesimama.

Asteria alirudi mahali pake, katikati, nyuma. Mrushaji wa Tabora alinyanyua kidole, na namba sabini akahama polepole mpaka ubavuni kwa Mwajabu. Safari hii hakujificha hata kidogo. Alichimba kisigino kwenye majani kama fahali.

Ndani ya Uzi walinzi wote walimtazama mrushaji. Hakuna aliyemtazama namba sabini. Wanajua, Asteria aliwaza. Pili anajua. Wote wanajua, na wote wanatazama mbele, na kama kawaida wananiachia mimi. Nigeuke, tupoteze, niitwe Shingo mpaka kufa. Nisigeuke, tumchukue Mwajabu kwa machela.

Alichoka. Hakuwa na ujasiri wowote, mtu asije akamsifia. Alikuwa amechoka tu kuchaguliwa.

Mpira ulikuwa bado haujaanzishwa alipoliacha eneo lake na kukimbia. Hakukimbilia mbele wala nyuma. Alikwenda kushoto, moja kwa moja, macho yake yamekazwa kwa Mwajabu. Na kwa kuwa alichokiona Asteria alikiona Mwajabu, Mwajabu alijiona mwenyewe akikaribia: mwanamke mwenye helmeti iliyokwaruzwa, damu kidevuni, amegeuzia uso mahali pasipo na kitu.

"Asta, rudi! Rudi eneo lako!"

"Wangu!" Asteria alipiga kelele, kwa mdomo, kama zamani. "Wangu! Wangu!"

Akamshika kifundo cha mkono na kumvuta.

"Niache! Asta, nitakuua, niache!" Mwajabu alimpiga ngumi ya kifua, ya pili ikamkuta shingoni, kwenye hiyo hiyo shingo. Asteria hakuachia. Mwamuzi aliwatazama akiwa na kipyenga mdomoni asijue akipulizie nini, maana hakuna sheria inayomkataza mtu kutoka uwanjani. Kule pembeni Kocha Mughwai alikuwa ameganda na kioo chake. Wachezaji wa akiba walimwangalia yeye, na yeye hakumtuma hata mmoja.

Nyuma yao mpira ulianza. Asteria alisikia vishindo, akasikia Pili, ambaye hakuwahi kufungua mdomo uwanjani tangu Uzi uje, akilia kwa sauti, "Wako! Nani anaye wa katikati? Wako!" Hakuna aliyemjibu.

Walivuka mstari mweupe.

Mwajabu alisimama kama aliyegonga ukuta. Ngumi iliyokuwa hewani ilifunguka, ikapapasa, ikaliona bega la Asteria na kulishika. Uwanja ulilipuka kwa kelele. Kisha upande mmoja ukanyamaza, na upande mmoja ukaendelea.

"Nani kapata?" Mwajabu aliuliza.

"Sikuangalia."

"Hukuangalia? Mpira wa mwisho wa fainali, hukuangalia?"

"Sikuangalia, dada."

"Nilikufundisha nini mimi?"

"Macho kwa mrushaji."

Mwajabu aligeuza sikio. Hakuhitaji kuambiwa, ngoma zilizokuwa zikilia hazikuwa za Singida. Alipumua kwa kishindo, na vidole vyake vikachimba bega la Asteria mpaka likauma.

"Hayo ndiyo uliyotaka? Kombe limekwenda na macho yangu yamekwenda. Sitakusamehe, Asta. Nakuambia mbele ya watu, sitakusamehe mpaka naingia kaburini."

"Najua."

"Usiniambie unajua! Wote mnajua, kila mtu anajua, mmekalia kujua!"

Asteria alilia, na alikuwa na hasira kwa kulia, akasimama pale akishikiliwa bega huku wachezaji wa Tabora wakiwapita kwa nderemo na Kocha Mughwai akija kwa hatua fupifupi, barua yake tayari usoni.

"Mwanvita yuko wapi?" Mwajabu aliuliza. Sauti ilikuwa bado ya ugomvi.

"Jukwaani. Safu ya tatu."

"Anafanya nini?"

Asteria alijifuta macho kwa kiganja, akaligeuzia jukwaa shingo yake, akamtafuta mtoto kati ya watu waliokuwa wakiondoka vichwa chini.

"Amepanda juu ya kiti," alisema. "Amevaa lile gauni lake la njano, kiatu kimoja kimemvuka. Anatutafuta."

"Jino je?"

"Limeanza kuota."

"Kubwa?"

"Subiri, dada, acheke nione."